Hatua ya Kumi na Mbili

Kila ngazi mpya ilipokamilika, Kasoro alivua viatu, akafungwa kitambaa machoni, akapanda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika karakana ya baba yake, na aliianza akiwa na miaka minane. Baba na mjomba walipima, walikata mbao, walipiga randa na kugongomea misumari, lakini ngazi haikukabidhiwa kwa mteja mpaka mguu wa mtoto uipande bila msaada wa macho na kurudi na jibu.

Utaratibu huo uliachwa na Babu, ambaye naye alikuwa seremala wa ngazi. Babu alikuwa akisema macho ni mepesi kusamehe, ila mguu hausamehe. Mtu akipanda vipandio vitatu tu, mguu wake umeshajua urefu wa kimoja, na unaendelea kuinuka kwa kipimo hicho hicho bila kumuuliza mwenyewe. Kipandio kimoja kikizidi, mguu unagonga. Mjomba alipenda kutania kwamba mafundi wengine wana futi za chuma, wao wana futi ya nyama, tena inayokula kuliko mafundi wote.

Kasoro halikuwa jina lake. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio la darasa la sita. Hili la Kasoro alilipata miezi miwili nyuma, siku ya ngazi ya mwenye duka la dawa. Mzee yule alitaka ngazi ya kwenda ghalani ichukue nafasi ndogo, kwa hiyo ikasimama wima mno. Baba alikuwa akisubiri jibu la mguu ili amkalishe mzee pembeni amshauri. Lakini Kasoro aliposhuka na kufungua kitambaa, duka lilikuwa limejaa watu, naye akasema kwa sauti ile ile anayojibia maswali darasani, "Ngazi yako mbaya, Mzee. Imesimama kama ukuta. Nani alikudanganya kwamba mtu anaweza kushuka hapa na maboksi mikononi?"

Watu wakacheka. Mwenye duka hakucheka. Siku ya pili alimwita fundi mwingine amalizie kazi, na tangu hapo akipita mbele ya karakana aligeuza uso upande wa pili wa barabara. Baba hakumfokea binti yake. Alimwambia tu, "Ulichosema ni kweli, mwanangu. Lakini ulikisema kama mtu anayemrushia mwenzake jiwe." Mjomba ndiye aliyeanza kumwita Bibi Kasoro ili kumchekesha, na jina likamganda. Alicheka pamoja nao, ila moyoni aliapa kwamba hatamkosoa mteja tena maisha yake yote.

Kulikuwa na kitu kimoja katika karakana ambacho Kasoro hakukipenda hata kidogo. Nyuma kabisa, penye giza, karibu na rundo la mbao, ilisimama ngazi kuukuu isiyokwenda popote. Ilianzia sakafuni na kuishia ukutani, chini ya dari. Haikuuzwa, haikuvunjwa, wala hakuna aliyeweka kitu juu yake. Katika mwaka wake wa mwisho, Babu alikuwa akikaa kwenye kiti mbele ya ngazi hiyo mchana kutwa, akiitazama. Akisikia nyayo za mtu yeyote, aliuliza, "Amefika chini?"

Wakati huo Kasoro alikuwa na miaka sita, akicheza na vumbi la mbao karibu na kiti. Hakujua anaulizwa habari za nani. Aliona tu kwamba akijibu, "Amefika, Babu," mzee alitulia kidogo, kisha akauliza tena. Basi akawa anajibu hivyo hivyo, bila hata kuinua kichwa kutazama. Babu alifariki akiwa bado anauliza swali hilo.

Jumatano moja baada ya shule, Baba alimchukua Kasoro kwenda kukabidhi ngazi kwa Mwalimu wa Cherehani. Mwanamke huyo alikuwa amefundisha kushona sebuleni kwake kwa miaka mingi, wanafunzi wakibanana mpaka mlangoni. Sasa alikuwa amejenga chumba kikubwa juu ya nyumba yake, na Jumamosi angekifungua rasmi kuwa shule ya ushonaji. Baba alikuja kupima wiki tatu zilizopita, chumba cha juu kikiwa saruji tupu. Alitengeneza ngazi, akaifunga Jumatatu, na ilikuwa imebaki kukaza reli ya kushikilia na kusikia mguu unasema nini.

"Karibu, mpimaji wangu," Mwalimu alimpokea Kasoro, futi ya kitambaa ikiwa imemzunguka shingoni. "Sijasahau ahadi yangu. Nafasi yako ya darasa la Jumamosi ipo."

Kasoro aliingoja nafasi hiyo kwa hamu. Alikwisha kulichora kwenye daftari gauni atakalolishona mwenyewe, gauni lenye mifuko mikubwa miwili. Alivua viatu, Mwalimu akamfunga kitambaa machoni, naye akaanza kupanda huku Baba akikaza skrubu za reli kule chini.

Ngazi ilikuwa tamu. Mguu uliinuka na kushuka, uliinuka na kushuka, kila kipandio kikiwa mahali pake. Kasoro alihesabu moyoni mpaka kumi na moja. Hatua ya kumi na mbili ndiyo inayokanyaga sakafu ya juu. Aliinua mguu kwa kipimo kile kile.

Ko.

Kidole gumba kiligonga kitu kigumu cha baridi, naye akaangukia viganja. Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa na kuona sakafu nzima imetandikwa vigae vyeupe vyenye maua ya bluu, vipya, vinavyong'aa mpaka ukingoni mwa ngazi. Aliweka vidole viwili kupima unene wa vigae pamoja na saruji iliyovishika, vikaenea sawasawa. Hapo akaelewa yote. Baba alipima kabla ya vigae. Sakafu ilikuwa imepanda kwa vidole viwili, na ngazi haikuambiwa.

"Umeona?" Mwalimu aliuliza toka chini, sauti imejaa furaha. "Fundi alimaliza jana. Sijamwambia mtu, nataka Jumamosi wapande wenyewe washangae."

Baba, kwa kudhani Mwalimu anazungumzia mapazia mapya ya chumba cha juu, aliendelea kukaza skrubu. Kasoro alishuka polepole akishika reli. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi, maana mguu ulishuka ukatafuta ubao, na ubao haukuwepo pale ulipotarajiwa.

"Haya, binti yangu," alisema Mwalimu. "Mguu unasemaje?"

Kasoro alimtazama. Uso wa Mwalimu ulikuwa umeinuliwa kwake, unangoja neno zuri. Akakumbuka kicheko cha duka la dawa, akakumbuka na gauni lenye mifuko miwili.

"Unasema vizuri, Mwalimu."

"Zote sawa?" Baba aliuliza.

"Zote sawa, Baba."

Baba alitazama miguu ya binti yake kwa muda, kana kwamba anataka kuuliza jambo. Kisha akarudisha bisibisi kwenye mkoba.

Njia nzima ya kurudi kidole kilimpwita ndani ya kiatu. Jioni ile mama yake aliweka kikombe mezani, nacho kikalia ko, Kasoro akashtuka mpaka akamwaga chai. Karakanani mjomba aliangusha kipande cha mbao, ko, naye akageuka kuitazama ile ngazi kuukuu kule nyuma. Alikuwa na uhakika kwamba hakuna aliyekuwa juu yake. Hata hivyo alihesabu vipandio vyake kwa macho, toka chini mpaka juu, na alipofika cha juu kabisa hakuthubutu kuutazama ule ukuta.

Kesho yake shuleni alipanda ngazi za darasani akiinua mguu juu kupita kiasi kila alipofika mwisho, mfano wa mtu anayeruka dimbwi. Rafiki yake akamuuliza, "Unakanyaga nini wewe?" Akajibu hakanyagi kitu. Ukucha ulikuwa umeanza kugeuka mweusi.

Mchana wa siku hiyo, Alhamisi, Baba alimtuma apeleke kwa Mwalimu kopo la vanishi iliyobaki. Alimkuta akimpima mteja kiuno, akaambiwa asubiri kwenye benchi karibu na ngazi. Mlangoni alikaa mama mzazi wa Mwalimu, bibi wa miaka themanini na moja, mkongojo umeegemea goti lake, akichambua vifungo ndani ya bati.

Kasoro alikaa na kopo mapajani, akaitazama ngazi. Hakutaka kuitazama lakini macho hayakumtii.

Wanaume wawili walipanda na meza ya kukatia vitambaa. Yule wa mbele alipofika juu alijikwaa, meza ikayumba. "Samahani, ndugu yangu," alimwambia mwenzake. "Leo sijala." Baadaye alipanda mpaka rangi. Ko. Akatazama soli ya kiatu chake na kutikisa kichwa. Akaja mwanafunzi mmoja wa ushonaji amekumbatia majora ya vitambaa, naye akajikwaa pale pale, akajicheka mwenyewe na kusema ameshaanza kuwa mzembe. Mmoja alilaumu njaa, mwingine kiatu, mwingine uzembe wake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kukitazama kile kipandio.

Mwishowe Mwalimu mwenyewe alipanda kuchukua mkasi. Ko. Alirudi chini amejishika kiuno. "Uzee umeanza kubisha hodi, binti yangu," alimwambia Kasoro. "Tangu juzi nimejikwaa mara nne. Miguu hii haina adabu siku hizi. Nafikiri baada ya Jumamosi niende hospitali wakanipime."

Nyumba nzima ilikuwa imejaa watu, na ni yeye peke yake aliyejua.

"Usiseme uzee mbele yangu," alisema yule bibi mlangoni, bila kuinua macho kwenye vifungo. "Mimi Jumamosi ndiye wa kukata utepe, na nitapanda kwa miguu yangu. Kupanda sikuogopi. Kushuka ndiko kwenye kazi. Lakini mtanivumilia mpaka nifike chini."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimwingia Kasoro kama msumari. Aliweka kopo juu ya benchi na kutoka bila hata kuaga.

Baba alimkuta amekaa kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi kuukuu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwona akikaa. Kiatu kimoja kilikuwa kimevuliwa. Baba alikitazama kile kidole cheusi, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Toka jana nangoja uniambie," alisema.

Kasoro alieleza yote, vigae, vidole viwili, wale wanaume wa meza, na bibi wa vifungo. Mwisho akasema, "Niliogopa kuwa Kasoro tena." Akaanza kulia.

Baba hakumnyamazisha. Alingoja mpaka kilio kikapungua, kisha akaweka kiganja kwenye kipandio cha saba cha ngazi ile, akakipapasa. "Unajua kwa nini hii iko hapa?"

Kasoro akatikisa kichwa.

"Babu yako alimtengenezea rafiki yake, mwoka mikate. Kazi ikiwa katikati, yule rafiki akataka bomba la tanuri lipite chini ya ngazi, akamwambia Babu ainue kipandio cha saba kidogo, bomba lipate njia. Babu alijua haifai. Lakini rafiki yake alikuwa na furaha, kesho yake anafungua duka, na Babu akaona aibu kumharibia siku. Akanyamaza, akakiinua." Baba aliondoa mkono wake. "Baada ya miezi mitatu, mke wa mwoka mikate alikuwa akishuka na sinia la mikate. Babu alikuwa pale chini, amekuja kununua. Alimwona tangu alipoanza kuanguka mpaka alipofika sakafuni. Yule mama hakutembea tena bila kushikwa na watu wawili. Babu aliing'oa ngazi hii kwa mikono yake, akawatengenezea nyingine, na hii akaileta hapa aione kila siku. Ndipo akaanza habari ya kitambaa machoni. Mimi ndiye mtoto wa kwanza kupanda."

Kasoro alihisi ule ubao aliokalia, akainuka taratibu.

"Kumbe alikuwa akimuulizia yule mama," alisema. "Na mimi nilikuwa namjibu amefika. Hata sikutazama, Baba."

"Najua. Sote tulimjibu hivyo." Baba alipangusa uso kwa kiganja. "Sasa vaa kiatu. Tunakwenda kwa Mwalimu kabla jua halijazama. Utasema wewe, maana mguu ulikuwa wako. Ila kwanza niambie mimi, nisikie utakavyosema."

Alichukua futi ya kitambaa ya mkewe iliyokuwa imetundikwa msumarini, akaivaa shingoni, akakaa kwenye kigoda amebinua midomo. Mjomba, aliyekuwa akipiga msasa pembeni, alishindwa kujizuia akacheka.

"Mwalimu," Kasoro alianza, "vigae vyako vimeharibu ngazi."

"Nimeshakasirika," alisema Baba. "Sitasikia neno jingine. Anza tena."

"Mwalimu, vigae vyako ni vizuri sana, havina mfano, na wewe ni mwalimu mzuri kuliko wote, na mapazia yako..."

"Sasa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeshajua kuna kisu nyuma." Baba alivua ule mwigo usoni na kuinama karibu naye. "Ulipopanda, ulihisi nini?"

"Kidole changu kiligonga."

"Basi anzia hapo. Hakuna mtu anayeweza kubishana na kidole chako. Usiseme yeye alifanya nini, sema mguu ulikuta nini. Halafu muonyeshe, aone mwenyewe. Na hatumpelekei mteja tatizo bila dawa yake."

Alichukua kijiti, akachora ngazi kwenye vumbi la mbao sakafuni. Vidole viwili vilivyozidi juu, alieleza, vikigawanywa kwa hatua zote kumi na mbili, kila hatua inapata kiasi cha unene wa sarafu mbili. Kila kipandio kingeongezewa ubao juu yake, cha chini ubao wa unene huo tu, kinachofuata mara mbili yake, hivyo hivyo mpaka cha juu. Ngazi ingepanda pamoja na sakafu, na hakuna mguu ambao ungejua. Mjomba alikuwa ameshaacha msasa na kuanza kuchagua mbao.

Walimkuta Mwalimu anakunja upindo wa pazia, wanafunzi watatu wakiwa pembeni yake. Kasoro alikumbuka duka la dawa. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuzungumza na wewe peke yako." Mwalimu alishangaa, lakini akaweka sindano chini na kuwafuata mpaka penye ngazi.

"Jana nilipopanda, hatua ya mwisho kidole changu kiligonga," alisema Kasoro. "Iko juu kuliko nyingine kwa vidole viwili. Ngazi ilipimwa kabla ya vigae kuwekwa."

Uso wa Mwalimu ulibadilika. "Jana uliniambia iko vizuri."

"Nilidanganya, Mwalimu. Niliogopa utaniona mkorofi. Na nilitaka nafasi ya Jumamosi."

Mwalimu alimgeukia Baba. "Fundi, siku mbili kabla ya ufunguzi ndiyo mnakuja na habari hizi? Vigae vile nimevitafuta mwezi mzima. Siving'oi."

Baba akamtazama binti yake. Kasoro alivua kiatu na kuonyesha kidole. Kisha akatoa mfukoni kitambaa cha kufunga machoni.

"Naomba upande wewe, Mwalimu. Mimi nitakuwa nyuma yako, na reli utaishika."

Ilikuwa ajabu kumwona mtu mzima, tena mwalimu, anavua ndara na kufungwa kitambaa na mtoto. Alipanda akinung'unika kwamba kazi zinamsubiri. Manung'uniko yaliisha kwenye kipandio cha tano. Kumi. Kumi na moja.

Ko.

Mwalimu alishika reli kwa mikono yote miwili, akabaki pale, mguu mmoja hewani. Alishuka kipandio kimoja, akapanda tena. Ko. Alivua kitambaa na kutazama ule ukingo mweupe wenye maua.

"Kwa hiyo si miguu yangu," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Siku tatu hizi nimekuwa nikijiona nimekwisha. Kumbe si mimi." Alikaa pale pale juu ya ngazi. Kisha macho yake yakamwendea mama yake kule mlangoni, aliyekuwa akitafuta kifungo cheupe katika vyeusi, naye akafunika mdomo kwa kiganja.

"Vigae vibaki, Mwalimu," alisema Kasoro. "Ni ngazi ndiyo itakayovifuata." Akamweleza habari ya mbao kumi na moja, jinsi Baba alivyomchorea. Alipokosea, Baba alimsaidia neno moja tu. Mwisho akasema, "Ukikubali, kesho jioni itakuwa tayari. Usipokubali, ngazi ni yako, lakini tunakuomba Bibi asipande."

Mwalimu alikubali kabla sentensi haijaisha.

Ijumaa Baba na mjomba walianza alfajiri. Kasoro alipotoka shule alikuta vipandio kumi vimeshavikwa mbao mpya, akapewa msasa amalizie ukingo wa cha mwisho. Jua likiwa bado linaingia dirishani alivua viatu, akafungwa kitambaa, akapanda. Alipofika kumi na moja alisimama. Kwa siku mbili sauti ile ilikuwa imekaa ndani ya kichwa chake, na sasa mwili wake wote uliingoja. Aliinua mguu. Ulitua juu ya kigae kwa upole, mahali pale pale ulipokuwa ukienda. Alishuka na kupanda mara tatu, mpaka mjomba akasema basi, ataimaliza kabla haijafunguliwa.

Siku ya Jumamosi watu walijaa sebuleni mpaka barabarani. Bibi alipanda kwa mkongojo, akikataa kila mkono ulionyooshwa, akakata utepe kule juu, watu wakapiga makofi. Kasoro hakupanda kuona vigae. Alibaki chini ya ngazi, kama Babu alivyokuwa chini ya ile nyingine siku ya mikate, na alipomwona Bibi anageuka kuanza kushuka, alishika nguzo ya reli mpaka vidole vikauma.

Bibi alishusha mguu wa kwanza. Ubao ulikuwepo. Akashusha mkongojo, kisha mguu, kisha mkongojo. Kasoro alihesabu kila hatua bila kupepesa. Ilipofika ya saba alinyoosha mkono mmoja, tayari kumdaka. Bibi aliipita akilalamika kwamba keki itaisha kabla hajafika. Hatimaye mkongojo uligusa sakafu.

"Umekunjia nani uso, mjukuu wangu?" Bibi alimuuliza. "Nimefika."

Nyuma yake alishuka Mwalimu, akamshika Kasoro bega. "Nimekuwa nikifikiri sana habari ya nafasi yako," alisema, na Kasoro akainamisha kichwa akingoja hukumu. "Somo langu la kwanza kwa kila mwanafunzi ni kufumua. Wengi wanalia wakiona mshono wao unafumuliwa. Wewe umefumua wa kwako mwenyewe na wa kwangu pia. Jumamosi ijayo njoo na mkasi."

Walipokuwa wakirudi, Kasoro alimwomba Baba wapitie duka la dawa. Mzee alikuwa peke yake. Kasoro alimwomba radhi kwa kumwaibisha mbele za watu, kisha akamwambia kwa upole kwamba ngazi yake bado imesimama sana, na kwamba Baba anaweza kuilaza kidogo bila kula nafasi ya ghala. Mzee aliendelea kupanga chupa zake. Walipofika mlangoni akasema, "Nitafikiria." Hakusema zaidi, lakini aliwatazama usoni.

Karakanani Baba alifungua madirisha ya nyuma, mwanga ukaingia mpaka kwenye ile ngazi kuukuu. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mteja si adui wa kurushiwa mawe, wala si mtoto mchanga wa kubembelezwa alale. Anataka kitu chake kiwe kizuri kama unavyotaka wewe, ila hajaona ulichoona. Basi mwambie mapema, mwambie pembeni, na uwe umeshafikiri namna ya kumsaidia. Siku nyingine maneno mazuri yatakukosa. Siku hiyo sema hata kwa maneno mabaya, utaomba radhi baadaye, kama ulivyofanya leo. Babu yako alikuwa na maneno yote mazuri, akayahifadhi mdomoni."

Alikwenda kumsaidia mjomba kushusha mbao. Kasoro alibaki peke yake mbele ya ngazi isiyokwenda popote. Haikumtisha tena, ila ilimhuzunisha. Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye kipandio cha saba, pale mbao ilipolainishwa na vidole vya mzee kwa miaka mingi.

"Amefika, Babu," alisema. "Safari hii nimetazama."